Mwongozo kwa Mgeni Anayetaka Kuwashinda Wazee wa Rumonge

Umeshuka Rumonge kutoka Bujumbura, kilomita 70 hivi kando ya ziwa, mkobani una laptopu yenye programu ya chesi. Umewakuta wazee kwenye bao la ikibuguzo, ukaamua kutengeneza programu ya kuwashinda. Karibu. Fuata maelekezo haya, hutachelewa kuaibika.

Kwanza, hamisha ujanja wa chesi jinsi ulivyo. Stockfish 12, programu ya chesi iliyotoka Septemba 2020, hupima mchezo kwa mtandao wa nyuroni wa aina aliyoibuni Yu Nasu mwaka 2018 kwa ajili ya shogi, chesi ya Kijapani. Kila upande una nafasi 41,024 za kuingizia taarifa, lakini kete ikisogea zinaguswa mbili tatu tu: ondoa mraba wa zamani, ongeza mpya, jumla iliyokuwapo inaendelea kutumika. Ndiyo maana inakimbia hata kwenye kompyuta ya kawaida. (Mfalme akisogea, hesabu ya upande wake inaanza upya, kwa sababu kete zote zimeandikwa kwa kumtazama yeye. Wafalme ndivyo walivyo.)

Sasa tazama ikibuguzo: mashimo 32, kete 64. Mzee anachota shimo moja, anagawa moja moja. Ya mwisho ikiangukia penye kete, anachota tena. Akila, alichokula kinazungushwa upande wake. Mpaka kete ilale, nusu ya ubao imebadilika. Programu yako iliyozoea kurekebisha namba mbili inarekebisha kumi na tano, na mara nyingine kuhesabu ubao mzima upya ni nafuu zaidi. Mzee anakungoja, anakula samaki wa mukeke.

Pili, puuza alichobuni Albert Zobrist mwaka 1970: kulipatia kila shimo na idadi ya kete zake namba ya nasibu, ili ubao uliokwisha kupimwa utambulike na usipimwe tena. Huku kunafaa, kwa hiyo usikutumie.

Tatu, hesabu kete tu, mwenye nyingi ndiye bora. Ni kipimo chepesi kuliko vyote. Kwa bahati mbaya, rundo lako kubwa laweza kuliwa kwa zamu moja, na anayeshindwa ni yule asiye na shimo la kuchezea.

Ukichoka kuaibika, pima kwanza muda unaishia wapi. Ukikuta unaishia kwenye kuzungusha kete, achana na mtandao wa nyuroni; andika upya huo mzunguko.