Namna ya Kujifanya Bingwa wa Nyumba za Kale

Wengi wakiingia Kijiji cha Makumbusho, Dar es Salaam, hupiga picha mbele ya msonge wa Wahaya, hununua soda, huondoka. Wewe unataka kuwa yule anayefuatwa na kundi zima likimsikiliza. Tamaa nzuri hiyo, usiionee haya. Vitabu vitakuchukua miaka. Njia ya mkato inapita Dagahaley, kambi ya wakimbizi ya Wasomali huko Dadaab, Kenya.

Hatua ya 1: Mtafute mama.
Shughulikia mapema kibali cha kuingia kambini. Kisha ulizia mama mtu mzima aliyekulia kwenye ufugaji. Mwite ayeeyo, yaani bibi, ikiwa umri wake unaruhusu, mjulie hali yeye na watoto wake, na chai ya maziwa ikija usiwe na haraka ya kuimaliza. Ndipo umuulize aqal, nyumba ya kuhamahama ya wafugaji, inavyojengwa. Muulize yeye, si mumewe, maana kwa wafugaji wa Kisomali mjenzi ni mwanamke. Atakuonyesha kwa mikono: fito zilizopindwa zinasimikwa kwa duara, zinafungwa kwa kamba juu, halafu mikeka mizito inafunika.

Usiondoke bado. Muulize siku ya kuhama ilikuwaje. Nyumba ilifunguliwa fundo kwa fundo, ikapanda mgongoni mwa ngamia, na mikeka ile ile ya kuezekea ikageuka tandiko la kumkinga mnyama asichubuliwe na mzigo. Hapo umeshawapita wageni wengi wa makumbusho.

Hatua ya 2: Ukitoka kwake, tazama huku na huku.
Kambi ilifunguliwa mwaka 1992. Kambi tatu za Dadaab, yaani Ifo, Hagadera na Dagahaley, zilipangwa kwa ajili ya watu 90,000 kwa jumla, tena kwa muda tu. Mikeka ilipokosekana, turubai liliwekwa mahali pake. Fito zikakatwa kwenye miti ya mathenge. Umbo ni la aqal. Kariri sentensi hii, utaihitaji: nyumba ya kale si lazima iwe na vifaa vya kale.

Hatua ya 3: Makumbusho, kibao kisome mwisho.
Inama, ingia, tazama juu. Uliza moshi unatokea wapi, maji ya mvua yanakwenda wapi, na nani alijenga. Maswali matatu yanatosha nyumba yoyote, kuanzia tembe la Wagogo hadi msonge.

Hatua ya 4: Piga bao.
Ngoja wenzako wachoke, waketi kivulini. Waambie kwamba mwaka 1891 Artur Hazelius alifungua Skansen mjini Stockholm, nyumba za mashambani za Uswidi zikawa zinabomolewa, zinasafirishwa na kujengwa upya, na nchi nyingi zikaiga. Nyamaza kidogo. Kisha sema kwamba kina mama wa kwetu waliivunja nyumba, wakaibeba na kuisimamisha tena kila malisho yalipohama, na usiku ule ule familia ikalala ndani yake. Sema bila kupaza sauti. Mimi naamini hilo ni jambo kubwa kuliko Skansen, na nakuomba uliseme kama mtu anayeamini.

Hatua ya 5: Ukibanwa.
Swali likikushinda, mgeukie mwongozaji wa pale na useme, "Mzee, hili ni lako." Utaonekana una adabu, naye atafurahi kuulizwa, maana mara nyingi huulizwa choo kiko wapi.

Wakitaka kujua umesomea chuo gani, jibu: Dagahaley. Hapa usifanye ujanja. Ikiwa alikuruhusu, mtaje ayeeyo yule kwa jina kamili, jina la baba na la babu, kwa sauti ya kusikika mpaka nyuma. Mkimbizi hatoki kambini bila kibali, kwa hiyo siku hiyo hatakuwepo kujitaja mwenyewe.