Laptop ya Nyumba Nzima

Muuzaji wa laptop hufanya kazi yake mbele ya mtu mmoja. Mnunuzi anasimama mbele ya kioo sawasawa, feni ya duka inampepea, anachezewa wimbo mmoja na video ya samaki wa baharini, basi, pesa zinahesabiwa. Hakuna duka linalomkalisha mama mkwe wako kwenye mkeka na kumuuliza kama anaona. Naandika haya kwa ajili ya watu wa mkekani, kwa sababu laptop ya familia ni ya wote, na wanaokaa pembeni ndio wengi.

Yetu ilinunuliwa Kariakoo kwa mchango. Baba watoto alitoa sehemu yake, mimi nikatoa ya biashara yangu ya vitafunwa, na shemeji yangu mdogo, anayepiga picha za harusi, akamalizia. Laki tisa. Ni bei ya kati: si zile za laki tatu zinazopangwa juu ya meza kando ya barabara, wala zile mpya za milioni mbili na zaidi. Mtumba kutoka Ulaya, msafi, kioo cha inchi 15.6, spika zenye jina la kampuni ya vyombo vya muziki, mahali pa kuingizia DVD, kibodi yenye namba pembeni, na stika ya Core i5 inayong'aa. Kijana wa dukani aliita "ya multimedia, dada, hii kila kitu inacheza."

Kila mchangiaji alikuwa na lake. Binti yetu mkubwa alikuwa anaingia chuo. Shemeji alitaka kuhariri video zake nyumbani badala ya kulipia studio kwa saa. Lakini sababu iliyotusukuma kweli ilikuwa ya mama mkwe. Ana mfuko wa DVD za sherehe za ukoo, na katika mojawapo marehemu baba mkwe anatoa nasaha kwenye harusi ya binti yake. Deki ilishaungua siku nyingi, umeme uliporudi kwa kishindo baada ya kukatika. Na DVD za kuchoma hazidumu: rangi inayobeba kumbukumbu ndani yake huliwa na joto na mwanga, na Dar es Salaam vyote viwili tunavyo. Tulitaka mama azione, kisha tuzihamishe kabla hazijafa.

Usiku wa kwanza tuliiweka laptop juu ya meza ya sebuleni, sisi wakubwa kwenye makochi, watoto na bibi yao chini. DVD ikaingia, ikanguruma, halafu likafunguka folda lenye jina VIDEO_TS na mafaili yasiyosema kitu. Mama akauliza kama imekwaruzika. Haikukwaruzika. Microsoft waliondoa uwezo wa kucheza DVD tangu Windows 8, na hiyo Windows 10 iliyokuwa ndani ya laptop haikurudishiwa, hata kama mashine yenyewe ina mlango wa DVD. Yule kijana aliyetuambia inacheza kila kitu hakuwa ameingiza DVD hata moja. Binti akanunua bando, akashusha VLC, ambayo ni ya bure na haichagui, na mara sauti ya mzee ikajaa sebuleni. Spika zile, niseme haki yake, ni nzuri. Mama akashika mdomo.

"Mama, unaona?" nikamuuliza.

"Sauti namsikia. Sura siioni, mwanangu. Mbona mmempaka masizi?"

Nikashuka nikakaa alipokaa, na kweli, mzee alikuwa mweusi tii, na kanzu yake nyeupe imegeuka kijivu. Baba watoto kwenye kochi alimwona vizuri. Shemeji, aliyesimama mlangoni, alimwona amepauka. Watu watatu, wazee watatu tofauti, kwenye kioo kimoja. Skrini nyingi za laptop za bei hii zilizotengenezwa miaka ile ni za aina iitwayo TN. Ukizitazama kutoka mbele sawasawa rangi zipo. Ukiwa juu yake zinapauka, na ukiwa chini yake mwanga na kivuli hubadilishana. Aina nyingine, IPS, hubakiza rangi zake ukiitazama kutoka karibu upande wowote. Tuliinamisha kioo kimwelekee mama, wa kwenye makochi wakapoteza picha. Tukainua, mama akapoteza. Mwisho watoto walihamishwa, mama akaketishwa peke yake kwenye kiti mbele ya mashine, akaangalia harusi ya binti yake bila mtu wa kumwambia "yule nani yule?" Na hiyo ndiyo ilikuwa raha aliyoitaka, kuulizwa.

Suluhisho lilitoka kwa shemeji. TV yetu ilikuwa bado ile ya chogo, yenye matundu ya nyekundu, nyeupe na njano, na laptop ilikuwa na tundu la HDMI. Alileta kidude cha kugeuza kimoja kiwe kingine, kinachouzwa bei ya kuku wa kisasa, na waya zake. Maandishi kwenye TV yalikuwa hayasomeki kabisa, lakini nyuso zilikuwa nyuso, kutoka kila kona ya sebule. Jirani wakaitwa.

Basi tukadhani mambo yamekwisha, ikaja kibodi. Mashine ilitoka Ujerumani. Vibonye vilikuwa vimebandikwa stika nyeusi zenye herufi za Kiingereza, na jasho la vidole vya watoto likaanza kuzibandua moja moja. Chini yake kukatokea Strg, Entf na Druck, na tatizo kubwa zaidi, Y na Z zimebadilishana nafasi, maana ndivyo Wajerumani wanavyozipanga, huku Windows imepangwa kwa mpangilio wa Kimarekani. Mwanetu wa darasa la sita, anayeandika kwa kutazama vibonye, aliandika insha kuhusu "wayayi wangu". Dada yake, aliyezoea kuandika bila kutazama chini, hakuona shida yoyote, wakagombana nani mwongo. Nilitafuta stika mpya, nikazibandika mwenyewe baada ya kufuta mafuta kwa spiriti. Zimeshika.

Halafu video za shemeji. Simu yake hurekodi kwa 4K, tena kwa mfumo wa H.265, ambao huifanya video ichukue karibu nusu ya nafasi ambayo mfumo wa zamani ungechukua kwa ubora uleule. Nafasi inayookolewa hulipwa na prosesa wakati wa kuifungua. Alipoweka video ya send-off, bibi harusi akawa anaruka kutoka mlangoni hadi mezani bila kutembea, wimbo umeshafika mbali, na feni ya laptop inalia kuliko MC.

"Lakini shem, hii si i5?" akaniuliza, kana kwamba mimi ndiye niliyeibandika ile stika.

Ni i5. Ila i5 zimekuwa zikitolewa tangu 2009, na jina halikubadilika. Yetu, tulipotazama namba nzima, ilikuwa i5-5200U: kizazi cha tano, ya mwaka 2015, yenye viini viwili. i5-8250U ya mwaka 2017 ina viini vinne, na ina sehemu maalumu ya kufungulia H.265, ambayo yetu haina kwa ukamilifu, kwa hiyo viini vyetu viwili vinabeba mzigo wote. Mbele ya macho ya mnunuzi stika ni ileile. Hapa ndipo ninapokasirika hadi leo. Namba ile ipo, inaonekana kwa kubofya mara mbili tatu, kila muuzaji anaijua, na ndiyo anayoitumia yeye mwenyewe akienda kununua mzigo. Kumnyima mteja namba hiyo na kumwachia stika ni kumuuzia mgeni asiyemjua. Ingeandikwa kwenye risiti: prosesa kwa namba yake kamili, aina ya diski, aina ya kioo, hali ya betri. Mistari minne tu.

Shemeji alijifunza kutengeneza kwanza nakala nyepesi za video, ahariri hizo, kisha programu irudi kwenye video halisi wakati wa kutoa kazi. Inafanya kazi, ila kutengeneza nakala kulichukua usiku kucha, na usiku ndio wakati wa binti kuandika kazi za chuo. Kukatokea maneno. Ikabidi baba watoto aandike ratiba, aibandike kwenye friji, na hata hivyo kuna asubuhi niliyoamka nikakuta wawili hao hawasalimiani.

Ndipo tukampelekea fundi, Mbagala Rangi Tatu, kijana mpole mwenye meza nyembamba na taa ya kubana. Alifungua skrubu za chini, akainua mfuniko, akaniita nitazame. Mbele ya mapezi ya shaba ya kupoozea, pale upepo wa feni unapotokea, kulikuwa na tabaka la vumbi zito, limeshikana kama pamba ya mto wa kulalia. Alilivua kwa kibano kipande kizima. Dawa ya kati ya prosesa na bomba la kupoozea ilikuwa imekauka, ikapukutika unga wa kijivu. Mashine isiyoweza kutoa joto hujipunguzia mwendo yenyewe ili isiungue. Nusu ya uvivu wake ilikuwa hapo.

Nusu ya pili ilikuwa diski. Ndani kulikuwa na diski ya kuzunguka, mizunguko 5,400 kwa dakika, inayosoma kama megabaiti 100 kwa sekunde ikiwa katika hali nzuri. SSD ya kawaida ya SATA inafika 500, na haina kitu cha kuzunguka kitakachovunjika mtoto akiigonga meza. Tulichagua ya GB 240. Fundi akashauri aondoe mahali pa DVD, aweke ile diski ya zamani hapo ili nafasi iongezeke. Nilipompigia simu mama mkwe kumuuliza, alinijibu moja tu: "Hapo ndipo baba yenu anapoingilia. Msiguse." Diski ya zamani ikatiwa kwenye kasha la USB.

RAM ilituzungusha. Shemeji alikuja na kipande cha GB 4 alichopewa na rafiki yake, kikaingia vizuri, na laptop ikawaka taa bila kuonyesha kitu. Fundi akakitoa, akanionyesha karatasi yake chini ya taa: PC3. Kile kilichokuwemo tangu mwanzo kiliandikwa PC3L. Hiyo L ni umeme mdogo, volti 1.35 badala ya 1.5, na mashine za kizazi kile zinaitaka. Tukatafuta chenye L. Kuanzia hapo laptop inawaka kabla sijamaliza kumimina chai, na binti anaandika huku akisikiliza muziki bila kuganda.

Si sisi peke yetu tulionunua aina hii. Binamu wa baba watoto, mwalimu wa hesabu Morogoro, anayo pia na anaisifu kwa moyo mmoja: anaingiza alama za wanafunzi kwa zile namba za pembeni, na skrini anaitazama peke yake. Namwamini. Mama mwenye saluni, nyumba ya tatu kutoka kwetu, alikuwa anaitumia kuchezea wateja video, imechomekwa kwenye umeme kutwa nzima, imekaa juu ya taulo. Alipoona sehemu ya kugusia kidole imeinuka na haibonyeki, alidhani ni unyevu. Ilikuwa betri imevimba. Tulimsihi aizime palepale na asiikandamize, fundi akaitoa bila kuitoboa, na hakuruhusu itupwe kwenye taka zinazochomwa. Betri ya lithiamu iliyojaa muda wote ndani ya joto huchoka hivyo, na ikitobolewa inaweza kuwaka moto. Yetu tuliipima kwa ripoti iliyomo ndani ya Windows: kiwandani ilikuwa na uwezo wa milliwati-saa elfu 41, sasa imebaki elfu 16. Chini ya nusu, na dukani ilionyesha asilimia 100, kwa kuwa asilimia hiyo ni ya kilichobaki.

Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft walisitisha huduma ya kawaida kwa Windows 10, na Windows 11 kwa upande wa Intel inataka, isipokuwa prosesa chache, kizazi cha nane kwenda juu. Kwa hiyo mambo ya benki na maombi ya mkopo wa chuo tumeyahamishia kwenye simu, laptop ikabaki na video, insha na DVD za mama. Nyingi zimeshahamishwa.

Wifi yangu wa Tanga alipotaka kununua ya kwake, nilimrekodia ujumbe mrefu wa sauti, akaenda nao dukani masikioni. Akaomba namba kamili ya prosesa. Akaomba ripoti ya betri. Kisha akavua viatu, akakaa chini sakafuni mbele ya meza ya duka, akaitazama skrini kutoka huko. Kijana wa duka akacheka, halafu akaifunga ile laptop aliyokuwa ameitoa, akaenda kwenye kabati la nyuma, akarudi na nyingine: kizazi cha nane, kioo cha IPS, spika za kawaida zisizo na jina, haina DVD. Laki saba na nusu. Wifi hakuinuka sakafuni hadi alipoitazama na hiyo pia, kutoka kushoto na kutoka kulia, na alipolipa alimtaka aandike yote kwenye risiti. Akaandika.