Jinsi ya Kufikia kwa Watu Kibondo na Kasulu, Safari Ikiwa Imekwisha Kukuchosha

Umezunguka vya kutosha. Dodoma ulilala kwa binamu, Singida kwa rafiki mliyesoma naye, Kahama kwa shemeji mwenye duka la vipuri vya pikipiki. Zimebaki nyumba mbili tu, moja Kibondo, nyingine Kasulu. Mfuko umelegea, shati safi limebaki moja, na unajipa moyo kwamba huko milimani, kwenye hewa ya ubaridi, utakaa siku moja hapa na siku moja pale, ulale, kisha urudi zako Dar es Salaam. Maelekezo haya ni kwa ajili yako. Yashike yote. Hayatakuokoa, lakini angalau utajua ulipokosea.

Kwanza kabisa, panga njia na uifiche. Anayeingilia Nyakanazi hukuta Kakonko, kisha Kibondo, kisha Kasulu. Anayeshuka treni Kigoma, mwisho wa ile reli iliyofika ziwani mwaka 1914, huanza na Kasulu na kumalizia Kibondo. Njia zote mbili zina kasoro moja: lazima mtu fulani awe wa mwisho. Asijijue. Mwenyeji wa Kibondo mwambie umefunga safari kwa ajili yake, na Kasulu utapita kusalimia tu. Mwenyeji wa Kasulu mwambie hayohayo, ukigeuza majina ya miji. Watu wa mkoa wa Kigoma wametaniwa kwa "mwisho wa reli" miaka nenda rudi, na hawa wa huku juu hata hiyo reli yenyewe haikupanda kwao. Hawahitaji na wewe uwakumbushe. Angalizo: nyumba zote mbili zina simu, na zilizungumza jana usiku.

Taja siku ya kufika, usitaje saa. Ukisema saa kumi jioni, kuku atachinjwa saa nne asubuhi, na simu za "umefika wapi?" zitaanza kabla basi halijatoka stendi ya Kahama. Jibu la swali hilo lina kanuni yake: taja mji ulio mbele yako, kamwe usitaje ule uliopo. Ukiwa bado unakunywa chai Kahama, sema unaikaribia Nyakanazi. Mwenyeji naye anaijua kanuni, kwa hiyo ataongeza saa tatu kimoyomoyo na kurudi shambani. Siku utakayosema kweli utakuta mlango una kufuli, na lawama itakuwa yako.

Usichelewe, maana visingizio vimepungua. Hadi mwaka 2023 mabasi yalikuwa yamekatazwa kutembea usiku, na msafiri wa Kigoma alilala njiani bila kuulizwa na mtu. Kulikuwa na matope ya masika. Kulikuwa na majambazi wa porini, na askari mwenye bunduki akipanda basi kulisindikiza. Mgeni aliyefika siku ya pili yake, mwekundu kwa vumbi hadi kope, alipokewa kwa vigelegele. Lami imeondoa vumbi na imeondoka na huruma. Siku hizi ukichelewa, umechelewa wewe.

Kitambulisho cha taifa kiwe mfukoni, kisiwe kwenye begi lililo kwenye buti. Mkoa huu umepokea wakimbizi kwa miongo mingi: kambi ya Nyarugusu, Kasulu, ilifunguliwa mwaka 1996 kwa Wakongo, na Nduta, Kibondo, ikafunguliwa upya mwaka 2015 kwa Warundi. Kwa hiyo basi litasimamishwa, na afisa atapita katikati ya siti akisoma nyuso. Wewe mgeni hasa, uliyetoka zaidi ya kilometa elfu moja, ataitazama kadi yako na kukutakia safari njema. Mama mliyekaa naye siti moja, aliyezaliwa Kibondo na ambaye babu yake amezikwa Kibondo, ndiye atakayeulizwa shule aliyosoma na jina la mwenyekiti wa kijiji. Utaona kwamba anaanza kujibu kabla swali halijakwisha. Usicheke wala usitoe maoni. Basi likiondoka, chunga sana usimwulize, ili kuanzisha mazungumzo, "Kwani mama, kwenu hasa ni wapi?"

Usivae kizibao chenye mifuko mingi. Tangu magari meupe yenye antena ndefu yazoeleke katika miji hii, mtu mwenye kizibao hicho ni wa shirika, na mtu wa shirika ana bei yake ya bodaboda na bei yake ya chumba. Ukisema kwamba wewe si wa shirika, utaulizwa sasa uko na shirika gani.

Tunakuja kwenye zawadi, na hapa wengi huanguka. Zile nzuri ulizimalizia Dodoma na Singida. Za Kahama zilikuwa nusu nusu. Sasa umebaki na kopo la mafuta ya kupaka na nia njema. Usinunue kitenge: vitenge vya Kongo hushukia Kigoma ndipo vije kwenu, na mama wa nyumba anajua bei yake kabla ya faida ya muuzaji. Usilete dagaa. Kumpelekea dagaa mtu wa Kigoma ni tusi lililokaushwa juani. Lete sukari, majani ya chai, sabuni ya mche na mikate miwili. Hivyo havikosei. Ila usivinunue pale stendi ya Kibondo kisha ukavisifu kuwa vimetoka Dar. Mwenye duka ni wifi yake mwenyeji wako, na alikutambua kabla hajakurudishia chenji.

Ukishapiga hodi, salimia polepole. Salamu za Waha, wenyeji wa huku, hazina basi la kuwahi: nyumbani, watoto, wazee, mvua, mihogo, barabara, kisha nyumbani tena. Usiruke hata moja. Asubuhi ukithubutu kusema "mwakeye", nyumba nzima itafurahi, na mzee ataamini kwamba unajua Kiha. Atakusimulia kwa lugha hiyo jambo refu lenye msiba ndani yake. Tazama uso wa mkewe; akisikitika, sikitika. Usitikise kichwa kwa kukubali mara nyingi mno. Kuna wageni waliokubali uchumba kwa njia hiyo.

Kisha utakula. Ulikula njiani? Hukula njiani. Mbele yako kuna ugali wa muhogo, sombe, yaani kisamvu, iliyopikwa kwa mawese, mgebuka uliopandishwa kutoka ziwani, maharage, na yule kuku wa saa nne asubuhi. Kata tonge dogo, liviringe, limeze. Ukilitafuna kama sembe utakuwa nalo hadi taarifa ya habari. Firigisi ikisogezwa upande wako, ikatae mara moja, kwa sauti isiyokolea. Mara ya pili ile. Ukiikataa mara mbili umemdharau baba wa nyumba, aliyekuachia haki yake. Ukiikubali mara ya kwanza wewe ni mlafi. Na yupo mtoto wa miaka sita amesimama mlangoni akifuatilia mwenendo wa firigisi hiyo tangu ilipokuwa sufuriani. Sahani usiimalize, maana itajazwa. Usiiache pia, maana utaulizwa kilichokushinda ni nini, na mpishi atasimama pale akisubiri jibu. Namna ya tatu bado haijapatikana.

Utapewa kitanda. Ni chao. Usiulize wao wanalala wapi, na usiku ukisikia watu wakikohoa sebuleni, jifunike vizuri. Juni na Julai huku juu kuna baridi ya kweli, na blanketi zito zaidi unalo wewe. Ukisisitiza kwamba utalala kwenye kochi, utawasumbua watu wanne waliokwisha kugawana hilo kochi.

Siku ya pili, ile uliyoitenga kwa ajili ya kulala, utazungushwa. Wewe ni mgeni wa mtaa, si wa nyumba, na kila jirani ana kiti kimoja kizuri alichokufutia vumbi. Kila kiti kina sahani yake. Kibondo utaonjeshwa asali na kuulizwa kama umewahi kuonja asali. Jibu ni kwamba hujawahi. Kasulu utaoneshwa upande wa Heru Juu na kuelezwa habari za Mwami Theresa Ntare, mwanamke aliyetawala Heru enzi za Waingereza, kabla serikali haijafuta uchifu. Sikiliza hadi mwisho. Ukimaka "mwanamke?", mama wa nyumba atakutazama, na mchana huo mnofu utapungua. Kwa babu kaa muda mrefu zaidi. Vijana wengi wa Kiha wa kizazi chake walikwenda Tanga kukata mkonge, kwa miguu na kwa treni, na atataka habari za huko kama vile aliondoka juzi. Huijui Tanga? Mwambie Tanga hawajambo. Atakuuliza mtu mmoja mmoja kwa jina.

Sasa kuondoka. Kwanza fahamu kwamba hakuna anayekuzuia. Utaaga baada ya chakula cha usiku, kwa upole: kesho asubuhi ningependa kuwahi basi. Kutakuwa kimya kidogo. Mtu atasema, "Kesho? Kesho si ni Jumanne?" na wote watatikisa vichwa, kana kwamba wewe peke yako ndiye usiyejua habari za Jumanne. Usibishane, kwa sababu Jumatano nayo ina mambo yake. Kimbilia hoja ya kazi: bosi ananisubiri. Hapo mama wa nyumba atakujulisha, kwa masikitiko ya dhati, kwamba nguo zako zote zilifuliwa alasiri na ziko kwenye kamba. Tuseme ni mwezi wa Aprili. Huku kwenye mvua za Aprili suruali ya jinzi haikauki. Ukaguzi wa kamba ufanye kila siku kabla ya saa tisa, na begi lisilale bila kufungwa zipu. Hata hivyo basi huondoka alfajiri, na aliyeahidi kukuamsha ndiye aliyesema kesho ni Jumanne.

Siku watakapokuruhusu, jiandae kwa mzigo. Uliingia na mikate miwili, utatoka na debe la maharage, dumu la asali, mawese kwenye chupa ya maji ya kunywa iliyofungwa kwa nailoni na dua, tangawizi, na jogoo mzima aliyefungwa miguu. Jogoo hakataliwi. Unaweza kusema huna pa kumfugia. Utaambiwa si wa kufuga. Mzee atakushika mkono, na utahisi noti imekunjwa ndani ya kiganja: ya maji njiani. Unajua wazi kwamba anaihitaji kuliko wewe. Anajua kwamba unajua. Usiirudishe, usiitazame, usiifungue kabla basi halijapinda kona. Sababu yake sitaieleza. Ukiirudisha utaielewa mwenyewe, na hutaalikwa kuwaeleza wengine.

Mzigo wa Kibondo ukifika nao Kasulu, umeanzisha mashindano. Utahesabiwa mbele yako, kwa jicho tu, na hukumu itatolewa: "Kumbe walikupa debe." Maana yake utapewa madebe mawili. Kuna wajanja hufikiria kumkabidhi mwenyeji wa Kasulu jogoo wa Kibondo, mkono mmoja utue mzigo, mwingine upate sifa. Nakusihi usijaribu. Usiku huohuo rangi ya jogoo, kilema cha kidole chake na saa anayowika vitakwisha kulinganishwa kwa simu. Na usisahau kwamba kama uliingilia Nyakanazi, basi la kurudi linapita Kibondo. Wale wa kwanza watakuwepo stendi, wamevaa vizuri, kukupa mkono dirishani. Hawatauliza kitu. Watatazama buti konda anapolifungua, waone cha Kasulu kimekaa wapi na chao kimekandamizwa na nini.

Limebaki jambo moja, ambalo hutaambiwa na mtu. Tangu siku ya kwanza kulikuwa na kijana mmoja mpole nyumbani hapo Kasulu. Ndiye aliyekuchotea maji ya kuoga, akakupashia moto, akakusafishia viatu. Kamaliza kidato cha nne. Siku ya pili ulioneshwa bahasha yenye vivuli vya vyeti vyake, ukasema matokeo si mabaya. Siku ya tatu baba yake alisema, akitazama pembeni, "Na wewe huko Dar si unafahamiana na watu." Ulijibu "tutaangalia", kama unavyojibu kila mtu kila mahali. Usingejibu hivyo. Huku juu "tutaangalia" ni mkataba, na umesainiwa mbele ya mashahidi waliokuwa wakipukuchua maharage.

Kwa hiyo ukipanda basi alfajiri ukamkuta ameketi siti ya pembeni yako, bahasha mapajani na jogoo kati ya miguu, usishtuke mbele ya watu. Nauli yake imelipwa, mama yake analia nje, na dereva ameshapiga honi. Msogezee begi. Kabla hamjafika Nzega mpigie mwenzio simu, umwombe atandike godoro la ziada sebuleni. Habari za jogoo mpe baadaye.