Rudisheni Majina: Waraka kwa Wenye Maduka ya Muvi wa Chikongola

Ndugu zangu wenye maduka ya muvi na mabanda ya video,

 

Mimi ni yule mteja wenu anayekuja na flashi na daftari, asiyeuliza muvi mpya ya Kikorea wala ya vita, bali katuni za zamani, zile fupi za dakika sita au saba. Mmenivumilia. Wengine wenu mmenipa kiti nyuma ya kaunta nikapekua makasha ya CD mpaka adhuhuri, na wema huo siusahau. Lakini hili ninaloliandika leo nimekwisha kulisema dukani kwa upole, nikajibiwa “sawa mzee, tutaangalia”, na hakuna aliyeangalia. Kwa hiyo nalisema mbele ya watu.

Mnauza katuni zilizokatwa majina.

Kila katuni fupi ya zamani ilifunguliwa na ubao wa maandishi: jina la katuni, studio, mwongozaji, wachoraji, mtunzi wa muziki. Ni sekunde chache tu, nazo ndizo cheti chake cha kuzaliwa. Mnazikata ili mambo yaanze haraka. Kisha juu ya uso wa Tom, yule paka wa Tom na Jerry, mnabandika jina la duka na namba ya simu kwa herufi nyekundu, tangu mwanzo hadi mwisho. William Hanna na Joseph Barbera, waliomleta paka huyo duniani mwaka 1940 katika studio ya MGM, hawaonekani hata mara moja. Ninyi mnaonekana dakika zote saba. Filamu ilikwenda kwa picha 24 kila sekunde, kwa hiyo dakika saba ni picha zaidi ya 10,000, na hata pale mchoro mmoja ulipopigwa mara mbili, bado ni maelfu ya michoro iliyochorwa kwa mkono. Watu walioifanya kazi hiyo hamkuwaachia sekunde zao chache.

Mjukuu wa jirani yangu, mtoto wa darasa la pili, alinunuliwa kwenu folda iliyoandikwa “Tom na Jerry Mix”. Katikati ya kutazama akanigeukia: “Babu, huyu Tom mbona si yule?” Mtoto ana jicho. Aliyekuwa kwenye kioo ni Tom wa Gene Deitch, aliyetengenezwa Prague mwanzoni mwa miaka ya 1960 na mafundi wa Chekoslovakia, kwa fedha kidogo, mwendo wake wa kushtukiza na sauti zake za mwangwi. Ziko 13 za namna hiyo. Baada yake akaja Tom wa Chuck Jones, mwenye nyusi nene, katuni 34 kati ya 1963 na 1967. Na kabla ya wote hao ziko 114 za Hanna na Barbera wenyewe, za 1940 hadi 1958, ambazo saba kati yake zilipata tuzo ya Oscar. Ninyi mmezichanganya zote mkazipa namba, moja mpaka hamsini. Mtoto aliuliza swali la mtu mwenye akili, na jibu lake lilikuwa katika zile sekunde mlizozitupa.

Naomba niwasimulie habari ya mojawapo ya zile saba, kwa sababu nadhani mkiijua mtaionea huruma. Tom amevaa koti la mkia, ameketi mbele ya piano kubwa ukumbini, anapiga Rapsodia ya Kihungaria namba 2 ya Liszt. Jerry amelala ndani ya piano, nyundo zinamwamsha, vita vinaanza, na Tom haachi kupiga. Hiyo ndiyo The Cat Concerto, iliyopata Oscar ya mwaka 1946. Mwaka huohuo Warner Bros. wakatoa Rhapsody Rabbit ya Friz Freleng: safari hii anayepiga ni Bugs Bunny, muziki ni uleule wa Liszt, na ndani ya piano yumo panya vilevile. Studio mbili zikatuhumiana wizi wa wazo, na hadi leo wapenzi wa katuni wanabishana. Mtu wa Chikongola angeweza kuwa nazo zote mbili kwenye flashi moja, akae jioni na wanawe azilinganishe, aamue mwenyewe. Huo ndio utamu wa kukusanya. Nilipoitafuta ya Tom kwa mmoja wenu, niliipata bila jina, imetolewa sauti yake na kuwekwa singeli. Sina ugomvi na singeli, nayo ni kazi ya watu. Lakini hii ni katuni ya mpiga piano. Ukishaiondoa piano, umemuuzia mteja kitu gani?

Nyingi kati ya zile 114 muziki wake ni wa Scott Bradley, aliyetunga nota kwa nota kufuata hatua za paka, kusitasita kwa panya, kuanguka kwa sahani. Tom na Jerry karibu hawasemi. Filamu za Kihindi na za Kichina zilihitaji sauti ya mtafsiri Lufufu wa Dar es Salaam ili zitufikie, na Lufufu aliifanya kazi hiyo kwa ustadi hata jina lake likawa linauza kuliko la mwigizaji. Tom na Jerry waliingia Mtwara wakaeleweka siku ileile, kwa sababu maneno yao yalikuwa muziki wa Bradley. Anayeufuta anawafanya bubu wawili wanaokimbizana.

Vijana wenu wa kaunta huenda hawajui katuni hizi zilitufikiaje. Zanzibar walikuwa na televisheni tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970. Huku bara tulisubiri mpaka 1994, ndipo ITV na wenzake wakaanza, na kusini yetu ikachelewa zaidi. Kabla ya hapo mtoto wa Mtwara aliyeona katuni ameiona kwenye deki: kanda iliyokuja na baharia, au na mfanyabiashara aliyepitia Zanzibar au Dubai. Daraja la Mkapa pale Rufiji lilifunguliwa mwaka 2003. Kabla yake, mvua zikinyesha barabara ya Dar es Salaam inafungika, na kitu kikifika hapa kimefika kwa meli. Kanda moja ilizunguka nyumba kwa nyumba, Majengo, Vigaeni, Shangani, mpaka Mikindani, na msimu wa korosho ukiwa mzuri mabanda yalijaa. Kisha zikaja VCD, dakika sabini na kitu kila moja, yaani katuni kumi hivi. Baadaye DVD za kukusanya, zilizobanwa hata picha inavunjika Tom akikimbia. Sasa flashi.

Nilizozikuta kamili, zenye ubao wa majina, ni zile kanda na VCD za mwanzo. Aliyenakili wakati ule alibonyeza kitufe akaacha mkanda upite wote, maana hakuwa na programu ya kukatia. Kwa hiyo nakala bora za katuni katika kata hii ziko uvunguni mwa meza zenu, nanyi mnazitupa. Nimeona masanduku ya kanda yakitolewa nje wakati wa usafi, na watoto wakikokota utepe barabarani. Hewa yetu hii ya chumvi na unyevu ni adui tosha: utepe wa video ni plastiki iliyopakwa unga wa sumaku kwa gundi, na gundi hiyo hunywa maji ya hewani. Kuvu jeupe likishashika pembeni, ukiiweka kanda kwenye deki unachafua hedi, na hedi inaupeleka uchafu kwenye kanda inayofuata. Zisimamisheni wima, mahali pakavu, mbali na ukuta unaovuja. Yenye kuvu msiicheze mpaka isafishwe. Ni kazi ndogo kwa mtu anayejua thamani ya alichonacho.

Mtasema: hata wenyewe wa Marekani walikata. Ni kweli. Warner Bros., tangu miaka ya 1940, walipozirudisha sinema katuni zao za zamani chini ya nembo ya Utepe wa Buluu, walitoa ubao wa majina wa asili wakaweka mpya, na nyingi za awali zikapotea. Popeye aliponunuliwa na kampuni ya a.a.p. miaka ya 1950, nembo ya Paramount ilifyekwa. Lakini angalieni kilichofuata. Watu walitumia miaka mingi kutafuta nakala za kwanza, na mwaka 2007 mkusanyiko wa Popeye wa DVD ulipotoka, katuni 60 za 1933 hadi 1938, ubao wa majina ulikuwa umerudishwa kama ulivyozaliwa. Kosa la mwenzako likishamgharimu kulirekebisha, wewe unalianzia nini?

Tena jina halipo kwa ajili ya sifa peke yake. Katika katuni za Tom za miaka ya 1940 yumo mwanamke mweusi anayeonekana miguu tu, mtumishi wa nyumba, sauti yake ni ya Lillian Randolph, mwigizaji hodari. Baadaye kampuni ilifuta sauti yake katika nakala za televisheni ikaweka za watu wengine. Mwaka 2013 Warner walikuwa tayari kutoa juzuu ya pili ya mkusanyiko wao wa Tom na Jerry bila Mouse Cleaning ya 1948 na Casanova Cat ya 1951, kwa sababu zina dhihaka za uso mweusi. Wakusanyaji wakapiga kelele, na juzuu ikazuiwa. Mimi nasimama na wakusanyaji. Ni mtu mweusi wa Mtwara, na nataka kuiona dhihaka hiyo kama ilivyokuwa, jina la studio iliyoitengeneza likiwa juu yake, na jina la Lillian Randolph liandikwe pale ambapo wao wenyewe hawakuliandika. Ninyi kwa mkasi wenu mmewanyima waliochora vizuri heshima yao, na waliotudhihaki mmewaondolea lawama. Sidhani mlikusudia. Lakini ndilo mlilolifanya.

Kuhusu sheria sitaki kujifanya hakimu. Sheria ya hakimiliki ya 1999 mnaijua, COSOTA inayoisimamia mnaijua, na stempu za kodi za TRA za 2013 mlizisikia. Nasema tu kwamba anayechukua kazi ya mtu bila idhini na kumfutia jina amemkosea mara mbili. Kama mnataka pa kuanzia pasipo na ugomvi, ipo Popeye the Sailor Meets Sindbad the Sailor ya ndugu Fleischer, ya 1936, ambayo haki zake huko Marekani hazikuhuishwa na sasa ni ya umma. Ni ndefu kidogo, dakika 16 hivi, ya rangi. Sindbad huyo ni wa Alfu Lela Ulela, baharia wa bahari hii yetu ya majahazi. Mahali fulani mhusika anapita pangoni, na mwamba nyuma yake unazunguka kama mwamba wa kweli, kwa sababu ni wa kweli: Fleischer walijenga mandhari kwa mikono juu ya meza ya kuzunguka, wakapiga picha mchoro ukiwa mbele yake. Wekeni hiyo bandani usiku wa Ijumaa, toeni kiingilio, na waambieni watu pango lilijengwaje. Nitakuwa kiti cha mbele.

La mwisho ndilo lililonisukuma kushika kalamu. Mwaka 2010 ilitoka Tinga Tinga Tales, katuni 52 za dakika 11, zilizochorwa Nairobi na kuonyeshwa na BBC kwa watoto wa Uingereza. Hadithi za wanyama, kwa nini kobe ana gamba lililovunjika, kwa nini kiboko hana nywele, na kila mnyama amepakwa madoa na rangi kwa mtindo wa Edward Saidi Tingatinga, aliyezaliwa Tunduru mwaka 1932, akafa Dar es Salaam 1972. Mtoto wa kusini, wa nchi ya Ruvuma hiihii. Studio ya kigeni ilitaja jina lake kwenye kichwa cha katuni. Nikaikuta dukani Chikongola, safari ya siku moja kutoka alikozaliwa, ndani ya folda iliyoandikwa “Wanyama Wanaongea”, ubao umekatwa, na namba ya simu ya duka imepita juu ya mgongo wa chui.

Ninayoyaomba hayawagharimu. Acheni ubao wa majina. Namba ya simu iwekeni kwenye jina la folda, isiwe kwenye picha. Muziki msiuguse. Kila faili ipeni jina na mwaka. Mimi daftari langu lina orodha, nitakaa na kijana wenu bila malipo mpaka tumalize. Kanda na VCD za zamani msizitupe, niiteni, nitalipa bei ya haki, na nakala yake mtabaki nayo. Na mkikubali, anzeni na ya Tingatinga.

Wasalaam,

Mteja wenu,
Chikongola, Mtwara