Kadi ya Laki Tatu na Nusu

Kosa langu lilikuwa kutamka neno "kadi" wakati wa kula. Niliposema kuna kadi ya laki tatu na nusu nataka kuilipia mwezi huu, Mama Zai aliweka kijiko chini. "Harusi ya nani hiyo? Kamati gani inachangisha laki tatu na nusu?" Hapa Mbagala kadi ni ya mchango, ya kliniki, au ya Yanga. Nikamweleza hii ni kadi ya grafiksi, inachomekwa ndani ya kompyuta ili gemu isikwame. Akanitazama kwa muda. "Bora ingekuwa harusi. Tungekula pilau."

Kompyuta yenyewe tuliinunua mtumba ili Zai asomee. Ndivyo tulivyosema, na Zai aliisomea kweli, wiki mbili. Baada ya hapo nikabaki mimi na Euro Truck Simulator 2, naendesha lori usiku kwenye barabara za Ujerumani zisizo na bodaboda. Tatizo, lori lilikuwa linakwenda kwa kurukaruka kama daladala iliyokwisha klachi. Vijana wa banda la pleisteshen wakanipa tiba: "Mzee, hapo grafiksi. Tafuta ya kati tu, siyo lazima kubwa."

Ya kati. Neno likaniingia. Benki ya Dunia ilitutangaza nchi ya uchumi wa kati Julai 2020, tena wa kati wa daraja la chini, na mpaka leo sijashika kitu chochote cha kati mkononi.

Basi kumbe kadi ya kati ina mahakimu mtaa mzima, isipokuwa yule anayeilipia. Kinyozi ana maoni. Muuza chipsi ana maoni. Na wote wana swali moja: "Ina GB ngapi?" Swali hilo linanichosha kuliko foleni ya Barabara ya Kilwa. Kariakoo niliwekewa mezani kadi mbili, GT 730 na GTX 1650, kila moja GB 4. Ya kwanza ni toleo la 2014, ina viini 384, na njia yake ya kumbukumbu ni biti 64. Ya pili ni ya 2019, viini 896, biti 128, na kumbukumbu yenyewe ina mbio zaidi. GB ni ukubwa wa stoo, jamani. Biti ni upana wa mlango. Stoo mbili zinalingana, lakini moja mlangoni unapita ubavuubavu ukiwa umebana tumbo. Muuzaji yeye hakuona tofauti. "Boss, zote GB 4. Chukua hii ya laki moja, GTA inacheza."

Hicho ndicho kipimo chao cha pili: inacheza GTA. GTA ipi, hakuna anayeuliza. San Andreas ni ya 2004, na siku hizi inacheza hadi kwenye simu.

Aliponiona mgumu akatoa RX 580 ya GB 8, kwa bei ileile ya 1650. Moyo ulinidunda, sifichi. Kwa nguvu inaipita 1650, hilo halina ubishi. Nikaigeuza. Feni moja ilikuwa inayumba, na vumbi limegandia kwenye mapezi kama masizi ya jiko la mkaa. "Ilikuwa ya ofisini, Dubai," akasema. Ofisi gani hiyo inaandika barua kwa RX 580? Kadi za aina hii nyingi zilikuwa zikichimba sarafu ya Ethereum usiku na mchana, mpaka Septemba 2022 mfumo wa sarafu hiyo ulipobadilishwa na kadi zikakosa kazi. Zikamwagwa sokoni, kama wachimbaji waliorudi kutoka Mererani bila jiwe. Hata hilo ningelivumilia. Kilichonishinda ni wati. RX 580 inakula 185, na pawa saplai yangu nzima ni ya wati 290, haina hata waya wa kuilisha. Hii 1650 inatosheka na wati 75 zinazotoka kwenye tundu la madabodi. Na Luku nanunua mimi.

Nikalipa, nikapanda daladala nimeipakata kama mtoto mchanga. Nyumbani nikaichomeka, nikazunguka nyuma kutafuta tundu la bluu la monita. Halipo! Kadi za siku hizi hazina tundu la VGA, na monita yangu, ya mraba, iliyostaafu pamoja na mhasibu fulani, haijui lugha nyingine. Kesho yake nikarudi kununua kidude cha kuunganishia, elfu kumi na tano. "Nilijua utarudi, boss." Alijua! Jana alikuwa bubu?

Sasa lori linateleza. Zai akawasha kile kipimo cha pembeni ya skrini, akapiga kelele: "Baba, fremu tisini!" Mama Zai akatoka jikoni mbio. Huku Rangi Tatu kodi ya fremu moja tu ya duka inatoa jasho. Mwenye fremu tisini hapandi daladala. Nikamwambia ni picha kwa sekunde. Akarudi jikoni bila neno. Na sikumwambia kwamba monita yangu inaonyesha 60 tu. Hizo thelathini zinapotelea hewani.

Kijana wa banda alikuja kuiona. Akauliza GB, nikasema nne, akasikitika kama amekuja msibani. "RTX 3060 ina kumi na mbili, mzee." Yeye hana kompyuta. Lakini ana hoja: gemu nzito za sasa zinataka zaidi ya GB 4, na kwangu itabidi nishushe kila kitu mpaka bahari ifanane na lami. Mimi naendesha lori, lami inanitosha. Kadi ni nzuri.

Iliyobaki ni monita. Mwenye monita bapa ya inchi 22, iliyotumika lakini isiyo na mstari katikati, anitafute Rangi Tatu. Aje mchana, Mama Zai akiwa sokoni, na asitaje neno "kadi".