Heko, Ukuta wa Jirani

Katika vyote vinavyomfanya mwenye kiwanja aitafute hati yake, hakuna kinachoufikia ukuta wa jirani uliohama. Hati hulala miaka mingi chini ya sanduku, ndani ya mfuko wa nailoni, pamoja na kadi za kliniki za watoto waliokwisha kuota ndevu. Bikoni nazo zimepotea: moja imefunikwa na mgomba, nyingine imekuwa jiwe la kunolea panga, na mwenye mali anaapa kwamba mpaka wake unaanzia pale kwenye mwembe, mwembe wenyewe ulishakatwa. Kisha Jumamosi moja, ofisi zikiwa zimefungwa, jirani anapanga tofali za inchi sita nusu mita ndani ya eneo lisilo lake, na mtu yuleyule anaitaja namba ya kiwanja na kitalu kama anayetaja majina ya wanawe.

Tena ni ukuta wenye adabu. Mwizi wa kuku hukimbia. Huu unasimama mchana kweupe, umepigwa lipu upande wa mwenyewe tu. Pupa hauna. Chukua kiwanja cha mita 20 kwa 30: ukiingia nusu mita kwenye upande mrefu, umechukua mita za mraba 15, chumba kizuri cha kupangisha, ukakuachia 585. Ua wa michongoma ni mpole zaidi. Jirani hupogoa upande wake peke yake, nao hukua kuelekea kusikopigwa panga, yaani kwako. Ukiwa wa minyaa, ukaukata kwa hasira, utakutemea utomvu mweupe machoni. Sijui wakili anayemtetea mteja wake upesi namna hiyo.

Watasema unavunja ujirani. Ujirani upi? Mtu uliyemfahamu kwa honi ya alfajiri sasa unamjua kwa majina matatu, maana hati ya madai haikubali "Baba Asha". Mmekaa benchi moja kwa mwenyekiti wa mtaa, mkaenda Baraza la Kata, ambalo Tanzania Bara tangu 2021 limebakiziwa kusuluhisha tu, na mkishindwana hapo mtakutana tena Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Harusi gani huwakutanisha majirani mara nyingi hivyo? Mwenye damu moto atauliza kwa nini usibomolewe usiku yakaisha. Ukibomolewa, ukuta hugeuka mlalamikaji, nawe uliyemegewa ardhi unaulizwa bei ya tofali. Ukuta unachoogopa ni hodi ya mapema, na mpima aje kuzifukua bikoni mbele ya wote wawili. Mwenye subira naye asijisifu mno: sheria za ukomo wa madai, Tanzania na Kenya, zinampa miaka 12 ya kudai ardhi yake, na tofali hazina haraka.

Nakiri ukuta una upungufu mmoja mbele ya wazee wake. Uchaggani, isale hupandwa kuonyesha mpaka wa kihamba, yaani shamba la ukoo, na jani la isale hilohilo ndilo mkosaji hulibeba kwenda kumwomba radhi aliyemkosea. Aliyeingilia mpaka aliichuma dawa palepale alipokosea. Jirani wa mjini akitubu atabeba nini? Tofali la inchi sita ni zito, na mbwa wako wa getini hawezi kujua kwamba aliyekuja nalo anaomba msamaha.