Sawa ya Nini?

Kuna kidirisha kimoja cha kompyuta ninachokivulia kofia kwa ujasiri wake. Umeandika tangu asubuhi, hujahifadhi, mara kinaibuka katikati ya kioo: "Hitilafu isiyotarajiwa imetokea." Chini yake kitufe kimoja tu: Sawa. Sawa ya nini? Nyumba inaungua, na zimamoto anakuomba utie saini kwamba umeridhika.

Na hiyo "isiyotarajiwa", nani hakuitarajia? Diski hujaa, faili hufutwa, mtandao hukatika. Mama ntilie anajua mkaa huisha, ndiyo maana ana gunia la akiba uani. Mtunga programu, msomi wa watu, kila siku mkaa humwishia kwa mshangao.

Angalau Macintosh ya 1984 haikuficha kitu. Mchoraji wa alama zake, Susan Kare, aliichorea bomu, duara jeusi lenye utambi, ukajua papo hapo kwamba umelipukiwa. Mwaka 2012 Windows 8 ikaleta uso wa huzuni kwenye kioo cha buluu. Kompyuta inanuna, na kazi iliyopotea ni yako!

Wapo watunga programu wabaya zaidi: wanaoinasa hitilafu, wakaimeza kimyakimya, programu ikaendelea kutabasamu huku kitufe cha "Hifadhi" hakihifadhi chochote. Kuweka nakala ya kazi kwenye faili la muda kabla ya kuzimika, na kuandika mahali kilichotokea, si uganga. Ila kunataka mtu akubali kwamba msimbo wake unaweza kuanguka, na wenzetu hawa, mashallah, hawakosei. Wao hupatwa tu na yasiyotarajiwa.